Mkaa Kwenye Mkojo wa Mzee

Mimi ni nesi, na kipimo hiki nilijifundisha kwa simu: mgonjwa anameza unga wa mkaa, na ukionekana kwenye mkojo, basi utumbo umetobokea kwenye njia ya mkojo. Nilimpa mzee mmoja wa Rongai, nikamwagiza alete mkojo wa asubuhi. Kesho yake niliona chembe nyeusi. Nikamwambia atapasuliwa. Akampigia mkewe simu. Nami nikamwita daktari, kifua mbele.

Daktari alinusa chupa ya mkojo. "Mzee, hii ilikuwa na nini?"

"Mursik. Sista hakunipa kachupa."

Mursik, maziwa ya kibuyu kilichopakwa mkaa.

Daktari akanigeukia. "Sista, wewe unatoka wapi?"



"Huyo ni wa kabila letu, daktari," mzee akasema. "Mursik anaijua."