Mwalimu wa Buotabu Aliyeazima Mabibi wa Bingo

Saa tisa alasiri, jua la Abaiang, kisiwa cha nchi ya Kiribati, halijapunguza ukali hata kidogo, Nei, yaani Bi, Taoniti Barekiau anagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Wanafunzi waliokaa mikekani ndani ya maneaba, ukumbi wa mikutano wa kijiji cha Buotabu, wanafungua vijitabu vyao vya maswali. Nyuma yao wamekaa mabibi, wamewakodolea macho.

"Wewe wa fulana ya kijani! Umemaliza, mbona umekunja mikono?" bibi mmoja anafoka. "Unamsubiri nani? Mchumba?"

Kicheko kinalipuka. Mvulana anaona haya, anapaza sauti, "Bingo!" na kugeuza ukurasa.

"Enhe! Hivyo ndivyo," bibi anasema, na kuendelea kujipepea.

Msidhani ni mchezo. Hili ni darasa la kujiandaa na mtihani wa kuingia sekondari ya juu: hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na lugha, vyote kwa Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe watoto wa hapa hukisikia redioni tu, au kwa mgeni aliyepotea njia. Mwaka mmoja uliopita darasa hili lilikuwa limebakiza pumzi moja life.

Taoniti ana miaka hamsini na miwili. Alikuwa karani wa ushirika kule Tarawa, kisiwa cha mji mkuu, akarudi nyumbani kumuuguza mama yake; mama akapona, naye tangu hapo hajaondoka. Mzazi mwenye nacho humlipa dola mbili kwa wiki. Asiye nacho huleta samaki.

"Kuna wiki nakula samaki mpaka naogopa kuota magamba," anasema, na kucheka mwenyewe kabla ya mwingine yeyote.

Kufundisha anafundisha kwa njia yake. Swali la hisabati likizungumzia treni, mtoto wa Buotabu huacha hesabu akaanza kuishangaa treni. "Namwambia, achana na treni, haikuhusu! Nipe umbea. Nani kaondoka, kaenda wapi, anataka nini? Akishanisimulia kwa Kikiribati kama anavyowasengenya majirani, hapo ndipo tunarudi kwenye Kiingereza. Hesabu yenyewe wanaiweza tangu zamani."

Njia ilikuwa nzuri. Nyumbani, mmoja mmoja, watoto walikuwa wanajibu mpaka raha. Lakini mtihani wenyewe ulipofika, walianguka wote. Mwaka uliofuata wakaanguka tena wote.

Ten Kautu, yaani Bwana Kautu, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, alimwita akamwambia bila kuzunguka: mwaka mmoja zaidi. Asipopita hata mmoja, darasa linafungwa, na alasiri zote za maneaba zinarudi kwa akina mama wa bingo, ule mchezo wa namba wa kuchangisha fedha, ambao angalau wanachangia kijiji.

Kiongozi wa bingo ni Nei Kirata Tebau, bibi wa miaka sitini na kitu, mdomo wake hauna breki. Hakungoja faragha. Alimkabili Taoniti mbele ya watu. "Bingo yangu imeezeka hili paa unalokaa chini yake. Darasa lako limeezeka nini?"

"Nilienda nyumbani nikalia," Taoniti anakumbuka. "Alikuwa anasema kweli."

Kilichomchoma zaidi ni Aroita, binti wa kaka yake. Aroita anataka kuwa muuguzi tangu akiwa mdogo, na kwa kichwa chake hakuna swali la sayansi linalomshinda. Naye alikuwa ameanguka mara mbili, na umri ulikuwa unamwacha. Kama darasa lingefungwa, ndoto yake ingefungwa nalo.

Basi Taoniti akatunga mtihani wa majaribio. Safari hii hakushika kalamu wala kitabu. Alikaa mbele, akawatazama tu.

Aroita alimaliza ukurasa wa kwanza kabla ya wote. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono mapajani. Mwingine akamaliza, naye akakunja mikono. Wakakaa wametulia, wanamtupia jicho la pembeni yule aliye mzito kuliko wote. Naye alipomaliza, wote wakageuza ukurasa kwa mpigo mmoja. Ikawa hivyo hivyo mpaka muda ulipokwisha, na nusu ya kitabu haijaguswa.

"Kwanza nilidhani wanaibiana majibu," Taoniti anasema. "Nikaangalia. Wala! Hakuna aliyetazama jibu la mwenzake. Walikuwa wanasubiriana."

Jioni ile alimweka Aroita kitako.

"Kurasa zote za mwisho ni nyeupe. Ulilala?"

"Hapana, shangazi. Wenzangu walikuwa hawajamaliza."

"Wewe wanakuhusu nini?"

"Shangazi, nigeuze peke yangu? Watasema najidai. Na yule aliyebaki nyuma nitakuwa nimemwaibisha mbele za watu."

Hapo Taoniti akajiuliza. Nani alimfundisha mtoto huyu kwamba hapa kwetu mkono hauendi kwenye sinia mpaka wote wamepakuliwa? Ni yeye huyo huyo, tena kwa kofi.

Alijaribu kuwaeleza kwamba mtihani ni kitu kingine. Wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa adabu zote, na kesho yake wakasubiriana vilevile. Akatundika mikeka katikati yao wasionane. Wakawa wanasikilizia: karatasi ya mwisho ikichakacha ndipo wanageuza. "Nilitaka kung'oa nywele! Ukiwatazama huwezi hata kuwagombeza. Unawagombeza kwa lipi, kwa kuwa na heshima?"

Dawa aliipata mahali ambapo hakuitafuta. Siku moja alikwenda maneaba kugombana na Kirata, aliyekuwa amezidisha muda wa bingo mpaka umekula saa ya darasa. Alikuta mchezo umepamba moto. Pale pale, mama yake Aroita, mwanamke mpole asiyewahi kumaliza kula kabla ya mgeni, aliruka juu akapiga ukelele wa ushindi, "Bingo!" usoni kwa mama mkwe wake, ndiye mama yake Taoniti. Mama mkwe alikuwa amebakiza namba moja tu. Alisonya, akacheka, akapanga upya kokoto zake za kufunikia namba. Hakuna aliyenuna.

Taoniti akasimama mlangoni, ugomvi wote umemtoka kichwani.

"Nei Kirata," akasema, "nina shida na wewe."

"Najua. Saa imekwisha, tunatoka, usitupigie kelele."

"Msitoke. Bakini mnifundishie watoto."

Kirata alimtazama kama anayemwona mtu aliyepandwa na homa. "Mimi? Kiingereza changu ni namba za bingo tu, kufika tisini basi."

"Sitaki Kiingereza chako. Nataka huo ukali wako. Wanangu hawajui kumpita mtu."

Kirata akazikusanya kokoto zake kiganjani. Halafu akauliza, "Nitaruhusiwa kuwazomea?"

"Uwazomee mpaka uchoke."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila alasiri mabibi walikaa nyuma ya watoto. Sheria ikawa ya bingo: anayemaliza ukurasa anaita, anageuza, anasonga mbele. Anayesubiri anazomewa. Ukishaingia kwenye bingo umekubali kupitwa, kwa hiyo hakuna anayeaibika. Wiki ya kwanza watoto waliita kwa sauti ya kunong'ona, vichwa chini. Wiki ya pili Aroita aliita kwa nguvu, na yule mwenzake mzito akageuka nyuma akamwambia, "Nenda bwana, unanichelewesha kwa huruma zako!" Kuanzia hapo mambo yakafunguka.

Siku ya mtihani, msimamizi alikuja kwa boti kutoka Tarawa. Taoniti hakuruhusiwa kuingia chumbani. Alikaa nje ukutani pamoja na Kirata, wameshikana mikono kama wasichana.

Kimya kikatanda. Kikazidi. "Nilikuwa nimetega sikio ukutani," Taoniti anasema. "Nikawaza, wameshasahau, wamekunja mikono."

Ndipo karatasi moja ikachakacha, peke yake. Kimya. Ikachakacha nyingine, upande wa pili. Halafu mbili, halafu moja, ovyo ovyo, kila mtu na lake. Kirata alimbana mkono mpaka ukauma. Na katikati ya utulivu ule, sauti ya mvulana ikamponyoka: "Bingo!"

Msimamizi alitoka nje ametoa macho. "Huyu mtoto anaumwa?"

"Hapana, bwana," Kirata alimjibu, uso mkavu. "Ana afya njema sana."

Matokeo yalisomwa redioni. Kijiji kizima kilikuwa kimejazana kwa Ten Kautu, ambaye redio yake ndiyo yenye betri za uhakika. Majina ya Abaiang yalipofika, Aroita alikuwa wa kwanza kutajwa kutoka Buotabu. Taoniti anasema baada ya hapo hakusikia kitu, watu walikuwa wanapiga kelele, mama yake Aroita amejitupa chini analia na kucheka kwa pamoja. Ilibidi waulizane: wangapi? Tisa. Kati ya kumi na mmoja, tisa! Ten Kautu mwenyewe alisimama akacheza, na Ten Kautu hachezi hata harusini.

Darasa halikufungwa. Aroita sasa yuko bwenini Tarawa, na barua zake zimejaa malalamiko ya chakula, dalili kwamba yu mzima. Wawili walioanguka wamerudi mkekani na wanafunzi wapya, na wazazi wa kijiji jirani wanaleta watoto wao kwa baiskeli.

Nilipomuuliza Taoniti anatarajia nini, alisema anataka siku moja msimamizi wa mtihani anayeshuka botini awe mtoto wa Buotabu. Kisha akapunguza sauti. "Na kuna mwingine mwenye ndoto yake. Muulize mwenyewe, mimi nitacheka."

Alikuwa anamtazama Nei Kirata, ambaye hakuwa amekaa nyuma tena na wenzake. Alikuwa mkekani, mstari wa mbele, miwani puani, kijitabu cha sayansi magotini. Miezi yote ile ya kuwachungulia watoto mabegani, na kuwasikia wakisimulia kwa Kikiribati, maswali yalikuwa yamemwingia. Ameandikisha jina lake kufanya mtihani mwakani pamoja nao. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na miwili, siku baba yake alipofariki, na anasema hajawahi kumwambia mtu kwamba alilia.

"Siku jina lako litakaposomwa redioni, nitazimia," Taoniti akamwambia.

"Zimia baadaye," Kirata akajibu, kidole kikiwa juu ya swali la maji yanayochemka. "Kwanza nieleze huu mvuke unakwenda wapi."