Tulivyofuga Bakteria Chini ya Jalala

Asubuhi niliyoanza kazi tulikuwa watu watano penye lango la jalala, na wote nawakumbuka. Alikuwapo Mhandisi, mama mwembamba wa kutoka Sironga, ambaye hatukuwahi kumwita kwa jina lingine. Alikuwapo Mzee Ombati, msimamizi wetu, mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuwapo Bosire, fundi wa pampu kutoka Masimba, mtu wa mzaha. Nilikuwapo mimi, Moraa. Wa tano hakuwa mfanyakazi. Alikuwa Mama Kerubo, ambaye shamba lake linapakana na jalala upande wa chini, na alikuja na fimbo ya kuchungia mkononi.

"Ninyi ndio wa kusafisha?" alituuliza. "Maji yenu yameniulia ng'ombe. Haya, safisheni tuone."

Mhandisi alimpa pole, na hakujitetea. Nilimpenda tangu hapo.

Mimi niliacha shule darasa la saba, tulipomzika mama baada ya kumzika baba. Matanga yalipokwisha, baba wadogo walikaa wakaamua kuwagawa wadogo zangu watatu, kila mmoja nyumba yake. Niliwasihi waniachie. Wakakubali, maadamu nina kazi. Siku nitakapoikosa, walisema, watoto wataondoka. Kwa hiyo niliposhika ile kazi ya jalalani, niliishika kwa mikono miwili.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo mnakuta mitambo inajizima na kujiwasha. Acheni niwaeleze sisi tulifanyaje. Mvua ikinyeshea jalala hupenya kwenye taka na kutokea chini ikiwa nyeusi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Maji hayo ndiyo tunayoita mchuruziko. Ubaya wake mkubwa ni amonia, ile harufu inayochoma macho katika zizi lisilofagiliwa. Ndani ya amonia mna nitrojeni, na ikifika mtoni huua samaki na kulisha magugu mpaka maji yanakosa hewa.

Dawa yake ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Katika tangi la kwanza tulipuliza hewa usiku na mchana, na bakteria wa humo waligeuza amonia kuwa nitrati. Tangi la pili lilifunikwa lisipate hewa. Bakteria wa humo, wakikosa hewa ya kuvuta, huivuta ile nitrati, kisha hutoa nitrojeni tupu, ambayo hupanda angani kwa viputo bila kumdhuru mtu. Hao wa pili walitaka chakula, nasi tuliwapa maji ya ndizi zilizoiva mno, zile ambazo akina mama wa sokoni walikuwa wakizitupa.

"Moraa, wewe huoshi maji," Mhandisi aliniambia. "Wanaoosha ni wao. Wewe ni mfugaji. Hakikisha wamekula, wamepata hewa, na hawapigwi na baridi."

Baridi ya milima yetu mnaijua. Maji yakipoa, bakteria huzembea. Nilijifunza kufunika matangi kwa magunia ya majani makavu ya migomba, na kujua kwa pua hali ya kila tangi. Likinukia udongo uliolowa mvua, wako wazima. Kuta ziliota utelezi wa kahawia, na juu pakasimama povu la rangi hiyohiyo. Kwetu huo ulikuwa utajiri.

Kwa Mzee Ombati ulikuwa uchafu. Afisa wa mazingira alikuwa ametoa habari kwamba atakuja Jumatatu kupima maji, na yakiwa bado mabaya, mtambo ungefungwa. Sasa, Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalio. Nyumba husuguliwa, sufuria hung'arishwa, nguo hupigwa pasi, ili jua likizama kusiwe na kazi iliyobaki. Ijumaa hiyo sisi wengine tulikwenda sokoni kubeba ndizi. Mzee, kwa moyo mweupe kabisa, akachukua brashi na dawa ya klorini, akasugua tangi la kwanza mpaka saruji ikawa nyeupe. Dawa iliyobaki akaimimina ndani.

Jumapili nilipofika, amonia ilinichoma macho kabla sijafika kwenye ngazi.

Mhandisi alipitisha kidole kwenye zile kuta. "Mzee," alisema taratibu, "umewaua wafanyakazi wote, ukaacha ofisi safi."

"Nisingeweza kuingia Sabato na utelezi ule, na wageni wanakuja!"

"Mzee wangu," Bosire akadakia, "hata mochari haijapata kuwa safi hivi."

Tulicheka, Mzee mwenyewe akacheka. Lakini mimi akilini nilikuwa nikiwaona wadogo zangu wakibeba vifurushi vyao.

Jumatatu afisa alipima. Katika chupa ya kupimia, maji yenye amonia nyingi hugeuka rangi ya chungwa, na yetu yalikuwa chungwa lililoiva. Mhandisi hakumficha kilichotokea. Afisa akasema, "Nitarudi mvua za masika zikianza. Nikikuta rangi hii, nafunga."

Bakteria wa amonia huzaana polepole sana, na kungoja wazaane kutoka sifuri kungetumaliza. Tulihitaji mbegu. Mhandisi akawaza: mahali ambapo mchuruziko umepita miaka mingi, bakteria wanaoujua lazima wamejiotea wenyewe. Mahali hapo palikuwa mtaro ulioshuka kutoka jalalani hadi shambani kwa Mama Kerubo. Mhandisi alikwenda kuomba tope, akafukuzwa. Nikaomba niende mimi.

Nilimkuta akichuma chai. "Mlinipa sumu," alisema bila kugeuka, "sasa mnataka hata tope lake?"

"Ndiyo, mama. Ndani ya tope hilo mna wanaoila hiyo sumu."

"Wewe ndiye yule msichana anayelea wadogo zake?"

"Ni mimi."

Aliacha kuchuma. "Chukueni. Lakini ile chemchemi yangu, nataka niinywe tena kama nilivyoikuta nilipoolewa hapa. Si ng'ombe tu. Mimi."

Sikumuuliza Mhandisi. Nikasema, "Utainywa, mama."

Tulibeba tope kwa ndoo, Mzee Ombati mbele yetu sote, suruali imekunjwa hadi magotini. Tukalimimina ndani ya tangi, tukaanza kuwalisha bakteria wake: mchuruziko kidogo leo, zaidi kidogo kesho, na chokaa, kwa sababu bakteria hawa wakila hutia maji ukali unaoweza kuwarudia wenyewe. Utelezi ulipoanza kuota ukutani, Mzee aliniita kwa sauti kubwa: "Moraa! Njoo uone uchafu wetu!"

Masika yalianza, afisa akarudi. Safari hii chupa iligeuka manjano hafifu kama majani mabichi ya chai yakilowekwa. Aliishika kwenye mwanga, akairudia tena kwa maji mengine. "Endeleeni," alisema. Jioni hiyo niliwapikia wadogo zangu matoke na nyama, na hawakujua ni kwa nini.

Baadaye nilipelekwa upande wa Nyamira kuanzisha matangi mengine, na mbegu niliibeba kutoka kwetu. Mzee alipostaafu, nikakalia kiti chake. Vijana niliowafundisha sasa wanafundisha wenzao. Wadogo zangu walikua katika nyumba moja, na wana nyumba zao. Nimestaafu kichwa juu. Mkiniuliza nilikuwa nani, nitasema nilikuwa mfugaji.

Ng'ombe wa Mama Kerubo wanakunywa kijitoni, na kaa wamerudi chini ya mawe. Lakini chemchemi hulishwa na maji yaliyozama ardhini miaka ya nyuma, kabla hatujaja, na hakuna tangi linaloyafikia. Bado yana nitrati, isiyoonekana wala kuonjeka, hatari hasa kwa mtoto mchanga. Kila mara naomba yapimwe. Kila mara nitrati imepungua, lakini haijafika kiwango cha maji ya kunywa.

Mama Kerubo amezeeka. Nikipita njia ile huniita kutoka barazani, dumu la maji ya jirani liko kando yake.

"Moraa, leo?"

"Bado, mama."