Nilichomwambia Mungu, mume wangu alikitangaza jumuiyani

Admin, jina langu liache, na usiseme zaidi ya Tottenham, maana Watanzania wa huku tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, Mkatoliki, nina miaka kumi na minne ya ndoa, kazi yangu ni kutunza wazee. Naandika nikiwa na hasira. Wenye majibu ya "omba sana dada" naomba wapite tu, kwa sababu kuomba ndiko kulikonifikisha hapa.

Mwaka jana alikuja parokiani padre Mjesuiti akatupa mafungo ya siku tatu. Alitufundisha sala ya kupitia siku: unakaa kimya, unamshukuru Mungu, unaipitia siku yako saa kwa saa ukiangalia wapi ulimwona na wapi ulimkimbia, unaomba msamaha, unaitazama kesho. Alisema Mungu anapatikana popote, hata kazini. Kuna mzee mmoja Mwingereza ninayemwogesha, mkorofi kupindukia. Siku moja namkausha miguu, akanishika mkono akasema thank you. Jioni niliposali nililia kwa furaha. Sijawahi kusali hivyo maishani mwangu.

Mume wangu naye ikamwingia, ila yeye ni mtu wa vikao. Akaamua tuifanye pamoja, kwa sauti, saa kumi na moja jioni tukisharudi kazini. Nikamkumbusha padre alisema kila mtu na Mungu wake. Akasema, "Mke wangu, kwani sisi si mwili mmoja?" Nikakubali. Ujinga wangu.

Mwezi wa tatu mama yake alinyimwa viza ya kuja kukaa kwetu miezi sita. Alishawahi kuja. Alikuwa anarudia kuosha kila sufuria niliyoiosha, na akipigiwa simu kutoka Bukoba anawaambia mwanawe ameoa mvivu. Jioni ile nikaipitia siku yangu kwa ukweli, kama nilivyofundishwa. Nikasema, "Bwana, nisamehe. Barua ya viza iliposomwa, nilifurahi." Mume wangu akafanya ishara ya msalaba, nikadhani ameelewa.

Jumapili iliyofuata jumuiya yetu ya Wakatoliki Watanzania, inayosali nyumba kwa nyumba, ilisali kwetu. Watu kumi na tano sebuleni, na mama mkwe kwenye simu ya video iliyoegemezwa chupa ya chai, maana husali nasi kila mwezi. Tulipofika kwenye nia, pale kila mtu anapotoa ombi lake kwa sauti, mume wangu akafumba macho: "Tumwombee mke wangu, Bwana amponye chuki, maana alifurahi mama yangu aliponyimwa viza." Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Na mimi, kwa mazoea, mdomo wangu ukaitikia pamoja nao. Nikamsikia mama mkwe anasema "haya," kisha kioo kikawa cheusi.

Watu walipoondoka nilimwakia. "Unanianika mbele ya watu?"

"Sijakuanika, nimekuombea. Si ulisema kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Nilimwambia Mungu! Wewe ulikuwa umekaa tu pembeni!"

Akasema ni kiburi changu kinaongea. Mwenyekiti wa jumuiya naye akanipigia, eti nipige magoti mbele ya simu nimwombe mama msamaha. Sikupiga.

Tangu hapo kila jioni nakaa naye nadanganya. Namshukuru Mungu kwa hali ya hewa na kwa treni kutochelewa. Simwoni Mungu, namwona mume wangu ananisikiliza kama afisa wa uhamiaji. Sala niliyoipenda imefia mikononi mwake, na hilo linaniuma kuliko ile aibu.

Sasa sikieni. Ameomba viza upya, safari hii mama amepewa, na tiketi ni ya wiki tatu zijazo. Juzi mchana mama mkwe akanipigia mimi, si mwanawe. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema, "Mwanangu, hata mimi nilifurahi waliponinyima. Huko kwenu mnatoka wote asubuhi, nabaki natazama ukuta mpaka jioni. Sitaki kuja. Lakini nikimwambia mwanangu ataona simpendi. Nizuilie wewe, usinitaje. Wewe wameshajua hunipendi."

Hakuomba radhi kwa sufuria wala kwa yale ya Bukoba. Akaniachia mzigo, akakata simu.

Nikimzuia, nimekuwa mwenye chuki moja kwa moja. Nikisema ukweli, nimemfanyia bibi wa miaka sabini na sita kile kile nilichofanyiwa. Nikinyamaza, anakuja kufungiwa miezi sita asikotaka. Na Jumapili hii jumuiya ni kwetu tena. Natamani nifumbe macho nitoe nia: "Tumwombee mume wangu, ambaye mama yake mzazi hataki kukaa naye." Nimeifanyia mazoezi bafuni, inatoka vizuri sana.

Jana jioni mume wangu aliniuliza, "Mbele za Mungu, moyo wako umeshamkubali mama?" Nikamjibu, "Bado. Asije." Akaanza kulia, akasema ataendelea kuniombea. Nilikuwa nimejichafua kwa ajili ya mwanamke nisiyempenda, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nikahisi Mungu yumo mle chumbani. Hilo nalo limenikasirisha.

Jumapili ni keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, niendelee kuwa mbaya wao, au nimtaje mama nijisafishe?