Paja la Mama Waliloliita Mguu

Nilirudi Newala na stashahada ya maabara niliyojilipia mwenyewe, kwa kubangua korosho za watu. Nyumba yangu watu huwaonyesha wageni. Nayasema haya ili ijulikane kwamba aliyepuuzwa siku ile Masasi hakuwa mbumbumbu.

Figo za mama zilishakufa. Mishipa ya mikono ilipochakaa kwa sindano za mashine ya kusafisha damu, madaktari walimwekea mrija wa bandia pajani. Uhai wake wote ulipita humo. Siku hiyo, tukitoka kwenye mashine, alishikwa na homa ya kutetemeka, tukashuka basi Masasi, tukaingia zahanati moja.

Tabibu kijana akauliza kinachomsumbua. Nikamwambia mrija wa damu, uko mguuni, unauma. Akainama, akabonyeza kifundo na unyayo, akasema apunguze chumvi. Nikamweleza kwamba anaongea na msomi. Akajibu kuwa mrija haoni.

"Mguuni," nikarudia kwa ukali.

Mama akatazama ukuta. Kwetu mwanamume halitamki paja la mama yake, na mama halifunui mbele ya kijana wa rika la mwanawe. Sawa. Lakini kazi ya tabibu ni nini, kama si kuuliza mguu huo unaanzia wapi?

Muuguzi mmoja wa kike, mtu mzima, aliyesikia tukigombana, alimpa mama shikamoo, akampeleka nyuma ya pazia, wakanong'ona Chimakonde. Alitoka uso umebadilika.

"Msomi, paja la mama yako lina uvimbe kama embe, unadunda, na ngozi juu yake imebaki nyembamba kama karatasi. Ukipasuka humfikishi popote. Nyie mnagombania kisigino."

Maneno hayo yananiunguza mpaka leo, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Gari la wagonjwa lilitupeleka hospitali ya rufaa. Daktari wa upasuaji aliutoa mrija wote, umejaa usaha, akaziba tundu la mshipa mkubwa kwa kiraka cha mshipa wa mama mwenyewe. Kwa wiki kadhaa damu ilisafishwa kwa mpira wa shingoni. Mguu haukukatwa.

Kidonda kilipofunga, daktari alinigeukia mimi, akauliza kama tunakubali mrija mpya mguu wa kushoto. Kabla sijafungua kinywa, mama akamkatiza.

"Ni paja, daktari. Na uniulize mimi. Huyu msomi wangu anaishia magotini."