Siku Nane za Utoro Nikiwa Darasani

Nikisikia harufu ya dawa ya pamba, hata leo niko kidato cha pili na shule yetu haina shamba la pamba, kwangu inakuwa Jumanne ile ile, saa mbili na robo asubuhi, darasa la tatu. Stoo ya pamba ya shule ilipakana na darasa letu, ukuta ulikuwa na nyufa, kwa hiyo tulisoma tukinuka dawa. Ilikuwa Jumanne ya kwanza baada ya likizo. Mwalimu Mbwana alifungua daftari la mahudhurio, akalamba kidole, akaanza kuita.

"Kulwa Masanja."

Akainua macho, akaita jina linalofuata.

"Doto Masanja."

"Nipo."

"Pacha wako yuko wapi?"

"Amesafiri, mwalimu."

"Kwenda wapi?"

"Geita."

Msomaji wangu, hapo hakuna uongo hata kidogo, na ndiyo maana naudhika mpaka leo. Kulwa, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa Geita kweli. Tulipelekwa likizo kwa shangazi pale Kalangalala, surua ikatupata wote wawili. Mimi ikaniacha, yeye akazikwa huko huko. Lakini kwetu pacha hafi. Yaani anakufa, ila husemi. Nyumba nzima inafunga mdomo: hakuna kulia, hakuna kulitaja neno lenyewe, kwa sababu aliyebaki akisikia naye atafuata. Bibi alinikalisha kwenye kigoda akaniambia, "Wakikuuliza, sema amesafiri. Basi." Kijiji chetu hakiko mbali na mji wa Mhunze, na watu wote walijua, na wote walinyamaza. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwalimu naye anapaswa kujua. Au walikumbuka, lakini nani angemwambia, na kwa neno gani?

Mwalimu Mbwana alikuwa mtu wa Tanga. Mambo ya mapacha wa Kisukuma angeyajulia wapi? Kwake mtoto asiyefika ni mtoro, na mtoro anapigwa alama nyekundu. Kila asubuhi aliniuliza, kila asubuhi nikajibu, na kila asubuhi Masunga, aliyekaa dawati la nyuma, alipata la kusema.

"Kulwa kaenda kuchimba dhahabu! Atarudi na jino la dhahabu!"

"Kaolewa huyo," mwenzake akadakia. "Shemeji yetu ana mkokoteni!"

Darasa likacheka. Mimi nikiona aibu huwa natazama vidole vya miguu, na nadhani muhula ule nilivijua vidole vyangu kuliko jedwali la kuzidisha.

Wakubwa waliona kwamba siko sawa, siwanyimi haki hiyo. Bibi alinifunga dawa kiunoni. Katekista aliniombea. Mwalimu wa afya alinipa dawa ya minyoo na klorokwini, chungu, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Katika wiki moja nilitibiwa malaria, minyoo na jicho baya, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu.

Wiki ya tatu, "Nipo" yangu ikakataa kutoka. Haikuwa kiburi. Tangu darasa la kwanza tuliitwa tukifuatana, yeye kisha mimi, na jina lake likikosa wa kuliitikia, langu sikujua pa kulianzia. Mwalimu akaita mara ya pili. Nikamtazama tu.

"Asiyeitika hayupo," akasema, akachukua kalamu nyekundu.

Basi nikawa mtoro siku nane, nikiwa nimekaa dawati la mbele. Niliandika imla, akasahihisha, nikapata kumi kwa kumi, na bado sikuwepo. Mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu! Tena halikuwa jambo la kuchekesha. Mwenye alama nyekundu nyingi hakupanda darasa la nne, na msichana akibaki nyuma, kwetu anapewa ng'ombe wa kuchunga na habari ya shule inaishia hapo. Nililijua hilo vizuri, na bado mdomo ulikataa.

Siku ya nane baba akaitwa. Alikuja na baiskeli moja kwa moja kutoka shambani. Mimi nilisimamishwa mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Baba Kulwa, nina watoto wako wawili watoro."

Baba alishtuka kidogo kwa kuitwa hivyo, ingawa kijijini waliendelea kumwita hivyo kila siku. "Mmoja si huyu hapa? Kila siku namwona anaondoka."

"Anakuja, lakini haitiki. Na mwenzake?"

"Amesafiri."

"Anarudi lini, mzee? Mimi nimechoka na safari hii!"

Baba alitazama boksi la chaki, akanitazama mimi. "Mwalimu, mtoe huyu mtoto nje kwanza."

Niliudhika! Jambo langu mwenyewe, halafu natolewa nje. Nikaenda kukaa chini ya dirisha, ambalo kwa bahati halikuwa na kioo. Neno lenyewe sikulisikia. Nadhani baba hakulitamka hata kule ndani. Nilimsikia mwalimu tu, kwa sauti ndogo: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Baba akaondoka bila kunitazama. Mwalimu akaja, akakaa chini kando yangu na suruali yake safi.

"Doto, nisamehe."

Sikuwahi kumsikia mwalimu akiomba msamaha, kwa hiyo sikujua inajibiwaje.

"Nyumbani hamruhusiwi kulia?"

Nikatikisa kichwa: haturuhusiwi.

"Basi sheria ya bibi inaishia pale kwenye ua wa minyaa wa shule. Hapa ni shuleni." Akanipeleka kwenye stoo ya pamba, akaifungua. "Ingia. Mimi nakaa mlangoni, haingii mtu."

Nililia juu ya pamba mpaka ikaninata usoni. Nilipotoka nilikuwa na ndevu nyeupe kama mzee wa baraza. Mwalimu akabana mdomo asicheke, mimi ikanishinda, nikacheka. Kisha akaniuliza, "Kesho nimwite Kulwa, au nisimwite?"

"Sijui."

"Fikiri. Utaniambia wewe."

Muhula ule mama alinisindikiza kila asubuhi mpaka mwisho wa shamba, akasimama pale hadi nipotee machoni. Nilidhani ananilinda nisichelewe. Sasa najua alikuwa anahakikisha kwamba nimebaki. Wote walikuwa wananishikilia nisife, kila mmoja kwa namna yake, na walinishika kwa nguvu hata nikakosa pumzi. Nimewasamehe, karibu wote. Ila bado najiuliza, ingewagharimu nini kuniuliza mapema?

Asubuhi iliyofuata siku ile ya stoo nilisimama kabla mwalimu hajaita jina lolote.

"Kulwa hakusafiri," nikasema. "Amekufa."

Hakuna aliyecheka. Nyuma, Masunga akauliza taratibu, "Alikufa na nini?"

"Surua."

"Hata mdogo wangu," akasema. "Mwaka juzi."

Niligeuka, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza.