Kuku wa Kauri wa Shutu Mwero

Shutu Mwero wa Mwabungo alitandika meza za watu wengine kwa miaka kumi na minane. Alikuwa boi wa meza katika nyumba ya wageni ya mama mmoja Mzungu huko Galu. Waliendelea kumwita boi hata alipoota mvi kidevuni, naye hakujali sana, kwa kuwa kazi yenyewe aliipenda. Alijua uma upi unakaa kushoto, bilauri ipi ni ya maji, na kijiko kipi kikikosekana mgeni atakunja uso.

Uhuru ulipokuja, yule mama aliuza nyumba akarudi kwao Uingereza. Shutu naye akarudi Mwabungo kuangalia mihogo na minazi yake. Mikono yake ilizoea jembe upesi, lakini kila alipoketi mkekani kula, alikuwa akisogeza sahani kidogo huku, kidogo kule, mpaka mkewe Kahaso akamwambia, "Baba Nimwaka, chakula hakitoroki."

Mwezi wa Machi mwaka wa 1964, habari zilifika kwamba watu wa Gazi wangekuja Jumapili kumposa binti yao Nimwaka. Kahaso alitoa sahani zake nje, akazitazama moja moja juani, na kukuta mbili zimetoboka.

"Nenda Mombasa," akamwambia mumewe. "Sahani sita za bati, nyeupe, zenye ukingo wa buluu. Usilete kingine."

"Sita, nyeupe, ukingo wa buluu," Shutu akarudia, akaondoka Alhamisi asubuhi amevaa kanzu safi.

Duka alilolikusudia lilikuwa la Bwana Zoher, kwenye Barabara ya Salim. Watu wa Kwale walikuwa wakilijua kwa masufuria, mbuzi za kukunia nazi na sahani za bati zilizopangwa mpaka karibu na dari. Lakini mwaka ule sehemu ya nyuma ya duka ilikuwa imebadilika. Wazungu waliokuwa wakihama walikuwa wakinadi vitu vya nyumba zao, na Bwana Zoher alikuwa akinunua vyombo kwa kasha, bila hata kufungua aone kilichomo. Sasa alikuwa amevifungua vyote na kuvipanga kwenye rafu tatu ndefu, na vingi mwenyewe hakujua ni vya nini.

Shutu alisahau alichofuata. Palikuwa na sahani za umbo la jani la mgomba, na jagi lenye sura ya mzee mwenye pua nyekundu. Palikuwa na buli la chai lililofinyangwa kama kabichi, majani yake ya kijani yakipandana, mdomo wa kumiminia ukichomoza ubavuni. Na kwenye rafu ya katikati, juu ya kiota cha kauri, alikuwa ameketi kuku mweupe mwenye kishungi chekundu. Mgongo wake ulikuwa kifuniko na kiota kilikuwa bakuli. Kule Galu alikuwapo mmoja kama huyu. Shutu alimpeleka mezani kila asubuhi na mayai yaliyochemshwa ndani yake, na akamwosha kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine.

Mbele ya rafu alisimama mwanamke mmoja amejifunga kitambaa kichwani, ameshika kikombe kidogo kisicho na mkono.

"Hicho ni cha kahawa, mama," Bwana Zoher alikuwa akimweleza.

"Kahawa gani? Mbona hakitoshi hata mdomo mmoja?"

Shutu alijaribu kunyamaza, akashindwa. "Samahani, bwana. Samahani, mama. Hicho ni kiti cha yai."

Wote wawili walimgeukia.

"Yai lina kiti?" mwanamke akauliza.

"Kwa Wazungu, ndiyo. Yai linachemshwa, linasimamishwa humo, linakatwa kichwa kwa kisu, halafu linaliwa kwa kijiko kidogo."

Mwanamke alicheka mpaka akakiweka kikombe chini kisije kikavunjika. Jina lake lilikuwa Syovata. Alikuwa Mkamba, na yeye na mumewe Kiilu walikuwa wamepewa shamba Shimba Hills. "Kwetu yai linakaa mkononi," alisema. "Na hii je?"

Alikuwa akionyesha kitu cha fedha chenye vijiti vilivyosimama safu safu. Shutu akaeleza kwamba ni cha kupangia mkate uliochomwa usilale ukalowa. Akamwonyesha chombo cha mchuzi chenye umbo la kiatu, akamwambia kwamba samli ya moto ingekaa humo vizuri kabisa. Bwana Zoher alimsogezea nafasi juu ya kaunta. Shutu akakunja mikono ya kanzu na kutandika meza ya watu wanne, kama alivyokuwa akifanya Galu, kisha akaivuruga akaitandika upya kwa mtu wa hapa, atakayekula wali kwa mkono na kunywa chai ya maziwa. Wanunuzi waliokuwa mbele walirudi nyuma kutazama. Mwalimu mmoja alichukua viti vya mayai vyote akisema atatilia pilipili na ndimu. Mke wa karani wa bandari alinunua lile jagi la mzee, kwa kuwa mzee huyo alifanana na mkwewe.

Syovata alilizunguka lile buli la kabichi mara tatu. "Kiilu amepanda kabichi misimu miwili," alisema, "na nguruwe mwitu wamezila zote. Hii moja itafika mezani." Akalilipia, likafungwa kwenye gazeti, akaondoka amelikumbatia.

Duka lilipopoa, Bwana Zoher alimchukua yule kuku mweupe rafuni, akamfunga karatasi na kumtia mikononi mwa Shutu. "Nimekuona unavyomtazama. Mchukue. Leo umeuza kuliko mimi nilivyouza mwezi mzima."

Shutu aliingia feri ya Likoni akiwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Feri ilipofika katikati ya maji ndipo alipokumbuka sahani. Alitazama nyuma upande wa mjini. Maduka yalikuwa karibu kufungwa, na basi la Mwabungo lisingemngoja. Alikwenda nyumbani.

Kahaso aliifungua ile karatasi, akamgeuza kuku huku na huku.

"Hizi ndizo sahani sita?"

"Nilisahau, mama Nimwaka."

"Huyu anataga?"

Hakungoja jibu. Alijitanda kanga akaenda kwa jirani kuazima sahani, na hakumsemesha mumewe mpaka kesho yake adhuhuri. Jambo hilo lilimuuma Shutu kuliko kelele, maana alijua kwamba mkewe ana haki. Alijitolea kumrudisha kuku. Kahaso akamwambia siku zimekwisha, afagie ua.

Nimwaka ndiye aliyeamua mambo. Jumapili asubuhi alikaanga kaimati, akazichovya kwenye shira, akazipanga ndani ya kile kiota na kuzifunika kwa yule kuku.

Wageni wa Gazi walifika watu saba, bwana harusi akiwamo, wakiongozwa na Bi Mejumaa, nyanya yake. Huyu alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na ilisemekana kwamba mjukuu wake alikwisha kumtajia wasichana wawili na yeye akawakataa. Shutu alitandika mkeka mwenyewe na kupanga vyombo mwenyewe. Walisalimiana, wakaulizana hali za watu wa Gazi na za watu wa Mwabungo, na maneno yalipokwisha kila mtu akawa anatazama mkeka. Bi Mejumaa alinyoosha mkono, akamshika kuku kishungi, akamwinua. Akachungulia ndani.

"Kuku wenu anataga kaimati?"

Shutu alisogeza sahani moja kidogo huku, kidogo kule.

"Siku za wageni tu, mama," alisema Kahaso.

Bi Mejumaa alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa sauti, na wenzake wakafuata. Alikula kaimati nne. Kati ya ya tatu na ya nne aliuliza ni nani aliyetandika hapa, na alipoambiwa ni baba wa nyumba, alimtazama mjukuu wake na kusema, "Umeona?" Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kwa raha. Nisiseme kwamba posa ilipokewa kwa ajili ya kuku, kwani wazee walikuwa wamekwisha kusikilizana kabla. Lakini Nimwaka aliingia Gazi akiwa tayari na mtu wa kucheka naye. Jioni ile Kahaso alimwosha kuku mwenyewe, akamfuta, akamweka juu ya kabati.

Wiki iliyofuata utingo wa basi alileta salamu za Bwana Zoher: tafadhali Shutu aje dukani kila Alhamisi na Jumamosi. Alikwenda kwa miaka kumi na mmoja. Wafanyakazi wa duka walimwita mwalimu. Aliwashauri mabibi harusi na wake za wakubwa wapya, na hata watu waliokuja kutafuta vyombo kwa ajili ya hoteli zilizokuwa zikijengwa Diani. Syovata alikuwa akipita kumjulia hali, na kila mara aliondoka na kitu kisicho na kazi.

Mara moja tu alikwama. Kasha moja lilitoa kitu cha fedha chenye miguu minne, kulabu sita na kengele ndogo juu. Shutu alikigeuza kutwa nzima, mwishowe akamwambia Bwana Zoher ukweli kwamba hakijui. Siku hiyo Kahaso alikuwa amefuatana naye mjini. Alikiangalia bila hata kukigusa.

"Cha kutundikia vitunguu saumu," alisema. "Kengele ni ya panya, akigusa umsikie."

Mama mmoja wa Msambweni aliyekuwa akisikiliza alikinunua papo hapo. Jumamosi yake alirudi kuuliza kama kipo kingine, maana dada yake naye anakitaka.