Upande wa Pili wa Uzi

Jamani, baba yangu alianza kuongea na marehemu karakanani, mchana kweupe.

"Rula, umeshika?"

Hakuna aliyeshika kitu. Rula ni kaka yangu, tulimwita hivyo kwa sababu jicho lake halikosei. Tulikuwa tumemzika mwezi uliopita.

Kazi yao ilikuwa kunyoosha kingo za mbao mbichi, zile zinazokuja na magome yake. Baba anashika uzi wenye masizi upande huu, Rula upande ule. Unavutwa, unaachiwa, pa! Mstari umekaa. Baba anapitisha msumeno, kisha wanapima kutoka ukingo huo kupata mstari wa pili.

Sasa mzee anavuta peke yake. Uzi unalegea, mstari unapinda, na ubao unatoka huku mpana, kule mwembamba.

"Baba, si ufunge kwenye msumari?"

"Msumari hausemi," akajibu.

Majirani wakaanza: mzee mtandao umekata.

Mama naye analia jikoni. "Tumezika mmoja, mwanangu. Na huyu anaondoka tunamwona."

Mteja aliyetuletea mbao zake akaja, akazigeuza, akashusha pumzi. "Pole sana, fundi. Ila nikikuta hivi tena kesho, zilizobaki nazipeleka kwingine."

Baba akachukua ubao mwingine. Bila ile kazi angebaki na nini cha kumwamsha asubuhi? Hilo ndilo lililonitisha.

Kesho yake nikaingia karakanani, nikachutama mwisho wa ubao, nikashika uzi.

"Rula, umeshika?"

"Nimeshika, Baba."

Uzi ukakaza. Msumeno ukaenda mpaka mwisho bila kuyumba. Ukingo wa pili, vilevile.

Mimi huku machozi yananitoka. Niliona nimemdanganya mzee wangu na kumwibia marehemu jina lake.

Baba akaweka msumeno chini. Akajifuta uso kwa kiganja kilichojaa unga wa mbao.

"Najua ni wewe, binti yangu. Sina wazimu. Mwanangu nilimshusha kaburini kwa mikono hii."

"Sasa kwa nini unamwita, Baba?"

"Kila nikiita, nyumba nzima inanyamaza. Mnamwogopa hata jina."

Tulilia wote wawili juu ya ule ubao, hadi Mama akaja kutazama kuna nini, naye akakaa chini tukalia watatu.

Ndugu yangu unayesoma, mfiwa akimtaja mtu wake, usimkatize eti azoee. Mwitikie.